Ni Ndege Ipi Iliyotangulia?

Ubishi juu ya ndege ya kwanza ya abiria inayoendeshwa kwa injini za jeti umedumu miaka mingi. Waingereza, Wakanada, Warusi na Wamarekani, kila mmoja ana dai lake. Si lazima mmoja wao awe mwongo, kwani kila upande hulipima neno "kwanza" kwa kipimo chake.

Ikiwa kipimo ni kuruka tu, yafaa kuitaja Viking ya Uingereza, iliyoondolewa injini zake za rafadha, ikafungwa injini mbili za jeti na kuruka tarehe 6 Aprili 1948. Hata hivyo, hiyo ilikuwa ndege ya majaribio. Comet, iliyobuniwa tangu mwanzo kuwa jeti ya abiria, iliruka huko Hatfield tarehe 27 Julai 1949. Jetliner ya Kanada ikafuata tarehe 10 Agosti. Ikajengwa moja tu, wala haikupata mnunuzi.

Ikiwa kipimo ni kuchukua abiria waliolipa nauli, sifa ni ya Comet. Tarehe 2 Mei 1952 iliondoka London kwenda Johannesburg, ikitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Kwa hiyo Entebbe ilipata huduma ya jeti miaka sita kabla ya New York.

Lakini kutangulia kulikuwa na gharama. Mwezi Januari na Aprili 1954 ndege mbili za Comet zilipasuka angani karibu na Italia, na watu 56 wakafa. Wataalamu wa Farnborough waliweka kiwiliwili cha Comet nyingine ndani ya tangi la maji, wakapandisha na kushusha kanieneo mara nyingi, kama ipandavyo na kushuka katika kila safari. Baada ya safari 3,057, ambazo 1,221 kati yake zilikuwa za kweli, kikapasuka. Metali ilikuwa imechoka, kama uchokavyo waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukakatika.

Hapa pia pana dai lisilo sahihi: kwamba kosa lilikuwa madirisha ya mraba ya abiria. Pembe za madirisha hayo zilikuwa za mviringo. Na katika ndege iliyoanguka karibu na Elba, ufa ulianzia kwenye tundu la paa lililowekwa kwa ajili ya antena.

Comet ilipoondolewa kazini, Tu-104 ya Urusi ilianza huduma tarehe 15 Septemba 1956, ikaendelea bila kukatizwa. Comet mpya ilivuka Atlantiki na abiria tarehe 4 Oktoba 1958, na Boeing 707 ya Marekani tarehe 26 ya mwezi huo huo.

Kwa abiria wa leo, tarehe hizo zina uzito mdogo kuliko lile tangi la Farnborough. Matokeo ya uchunguzi yalitangazwa hadharani, washindani nao wakayasoma. Tangu hapo kiwiliwili kizima cha ndege hujaribiwa kwa maelfu ya safari za kuigiza, ili ufa ugunduliwe ardhini kabla haujaua watu angani.