Duka la baiskeli lisimsahau mzee

MZEE wa miaka 65 anapoingia katika duka la baiskeli, mara nyingi muuzaji hudhani amekuja kumnunulia mjukuu. Akisema ni yake, hupewa iliyo karibu na mlango, akalipa na kwenda zake. Baada ya wiki mbili baiskeli imeegemezwa ukutani, naye amerudi kukaa kitini.

Hiyo ni hasara kwa wote wawili. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza watu wazima, wakiwemo wa miaka 65 na zaidi, wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Baiskeli humfaa sana anayeumwa na magoti kwa sababu uzito mwingi wa mwili hubebwa na kiti. Moyo na mapafu hufanya kazi bila viungo kuumizwa.

Hata hivyo, mzee akianguka, nyonga yaweza kuvunjika, na huenda asitembee tena kama zamani. Wengi huangukia pale pale wanapopanda, kushuka au kusimama.

Achague ipi?

Baiskeli nzito aina ya Black Mamba ina chuma cha juu kinachomlazimu mtu kurusha mguu nyuma ya kiti. Ile iitwayo ya kike, ambayo chuma chake kimeshuka, hupandwa bila taabu. Mwanamume asione haya kuitumia.

Kiti kiwe chini kiasi cha ncha za miguu yote miwili kugusa ardhi. Akishazoea, fundi akiinue kidogo kidogo hadi goti likunjike kidogo tu pedali ikiwa chini kabisa, kwani kiti kilicho chini mno huumiza magoti. Usukani ulioinuliwa huupumzisha mgongo na shingo. Mwenye ugonjwa wa baridi yabisi vidoleni apewe breki laini. Gia nyepesi zitamsaidia mlimani.

Muuzaji aulize

Je, mteja hupatwa na kizunguzungu? Anatumia dawa za shinikizo la damu au kisukari? Anaona vizuri? Kazi ya muuzaji si kutibu, bali akisikia mojawapo ya hayo amshauri mteja amwone daktari kwanza. Anayedungwa insulini abebe kitu kitamu, maana sukari yaweza kushuka njiani.

Kisha ampe nafasi ya kuijaribu baiskeli mahali tambarare pasipo na magari, bila vijana wa dukani kumcheka. Amwalike arudi baada ya wiki mbili ili kiti na breki zirekebishwe bila malipo. Kofia ngumu isikosekane.

Mzee naye aanze na dakika kumi kwa siku. Akihisi maumivu ya kifua au pumzi kumwishia, ashuke mara moja na kutafuta matibabu. Aidha, asiache kutembea, kwani baiskeli peke yake haiimarishi mifupa vya kutosha.

Anayedhani amechelewa amkumbuke Mfaransa Robert Marchand. Mnamo Januari 2017, akiwa na umri wa miaka 105, aliendesha baiskeli kilomita 22.547 kwa saa moja.