RDC: Mafunzo ya wauguzi kwa njia ya simu, cheti peke yake hakiokoi mtoto

Katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, kuwakusanya wauguzi wa vijijini kwenye seminari mjini kumekuwa kazi ngumu. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Mwaka huohuo Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya kigeni, iliyokuwa ikilipia pia kazi nyingi za afya nchini.

Katika hali hiyo, masomo kwa njia ya simu yanaonekana kuwa jibu rahisi: hakuna safari, hakuna hoteli, hakuna pesa ya kujikimu. Muuguzi anafungua somo, anatazama video, anajibu maswali, anapata cheti. Lakini je, akirudi materniti usiku ule, mikono yake itafanya tofauti na jana?

Dakika moja tu

Mtoto anayezaliwa bila kupumua anahitaji kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza. Wataalamu wanaiita dakika ya dhahabu. Mkunga anamkausha, anamsugua mgongo, na mtoto asipopumua anampa hewa kwa mfuko na maski. Hakuna muda wa kufungua kitabu wala kutafuta video. Kazi hiyo lazima iwe tayari mikononi.

Mafunzo ya kazi hiyo, yanayojulikana kama Helping Babies Breathe, yalizinduliwa mwaka 2010 kwa ajili ya nchi zenye vifaa vichache. Mwanafunzi anajizoeza juu ya mtoto wa plastiki.

Jirani zetu wa Tanzania walitoa somo kubwa. Katika hospitali ya Haydom, iliyo vijijini kaskazini mwa nchi hiyo, wafanyakazi walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi saba baadaye walipimwa tena: mbele ya mtoto wa plastiki, walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Lakini watafiti walipoangalia chumba cha kuzalishia, waliona kwamba namna ya kuwahudumia watoto wenyewe haikuwa imebadilika. Utafiti huo ulitolewa mwaka 2013.

Hospitali ikabadilisha njia. Badala ya kutegemea siku moja nzima, wafanyakazi walifanya mazoezi mafupi, ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Mafunzo yalikuwa yaleyale na mtoto wa plastiki yuleyule. Kilichobadilika ni mpangilio: kidogo kidogo, mara kwa mara, karibu na kazi.

Kutazama si kujua

Kwa nini siku moja haitoshi? Tangu mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba mtu husahau haraka sana yale aliyojifunza asipoyarudia. Mwaka 2006, Wamarekani Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Wengine waliyasoma tena na tena. Wengine waliyasoma mara moja, kisha wakajilazimisha kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walikumbuka kama asilimia 40, na waliojipima walikumbuka kama asilimia 61.

Hapo ndipo masomo mengi ya mtandaoni yanapokosea. Mtu anarekodi hotuba ya saa mbili, anaiweka kwenye intaneti na kuiita mafunzo. Mtazamaji anadhani ameelewa kwa sababu kila neno linaonekana la kawaida. Wengi hata hawafiki mwisho: uchunguzi wa masomo ya bure ya vyuo vikuu vya Harvard na MIT ulionyesha kwamba mwaka 2017-2018 ni watu kama 3 kati ya 100 walioyakamilisha.

Simu inaweza kusaidia

Haya yote hayamaanishi kwamba simu haifai. Kuna programu inayoitwa Safe Delivery App, inayofundisha uzazi salama kwa video fupi za vitendo na maswali. Inapatikana pia kwa Kifaransa, na ikiisha kupakuliwa inafanya kazi bila intaneti. Nchini Ethiopia ilijaribiwa katika vituo 73 vya afya. Mwaka mmoja baadaye, wauguzi walioipata walikuwa na ujuzi mkubwa zaidi wa kumsaidia mtoto asiyepumua na mama anayetokwa na damu kuliko wenzao. Jaribio dogo lilifanyika pia hapa RDC, matokeo yakatolewa mwaka 2018, nako waliotumia programu hiyo waliongeza maarifa na kujiamini.

Lakini simu haiwezi kuona kama maski imeshika vizuri usoni mwa mtoto. Hilo linahitaji jicho la mtu: muuguzi mkuu wa kituo, au msimamizi anayefika toka eneo la afya.

Mega, umeme na lugha

Kwa wanaotunga mafunzo kwa ajili ya Masisi, Fizi au Djugu, mambo ya kuangalia ni wazi. Somo linalohitaji mtandao kila dakika linamfungia nje muuguzi ambaye mtandao wake ni wa kilima kimoja tu, na ambaye ananunua mega kwa mfuko wake, hata mshahara ukichelewa. Somo lazima lipakuliwe mara moja, libaki kwenye simu, na liwe fupi kiasi cha kumalizika kabla betri haijaisha.

Lugha pia ni muhimu. Muuguzi amesomea Kifaransa, lakini usiku, mama akilia, anazungumza naye Kiswahili. Anayejifunza maelezo kwa Kifaransa peke yake analazimika kutafsiri wakati ambapo hana hata sekunde ya kupoteza.

Mwisho ni namna ya kupima. Ripoti nyingi zinahesabu walioandikishwa na vyeti vilivyotolewa. Hesabu hizo zinamfurahisha mfadhili, lakini hazimwambii mganga mkuu wa eneo la afya kama materniti yake imebadilika. Anayetaka kujua afike kituoni miezi mitatu baadaye bila kutangaza, aombe mfuko na maski, na atazame. Kama mfuko umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo hayupo, mafunzo bado hayajaisha.