Je, Wajua? Kilo 50 za Mbolea Huhesabiwa 23

Mfuko wa yurea wa kilo 50 unaopelekwa kwenye mashamba ya mpunga ya Cheju, Unguja, huko Zanzibar, huingia katika takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) kama kilo 23 tu. Maandishi 46-0-0 ubavuni mwa mfuko yanaeleza sababu: naitrojeni ni asilimia 46, fosforasi na potashi hakuna. Kinachohesabiwa ni virutubisho. Mfuko wa mbolea ya DAP (18-46-0) wenye uzito uleule hutoa kilo 32.

Kwa hiyo nchi inayohesabu uzito wa mifuko haiwezi kulinganishwa na inayohesabu virutubisho.

Zanzibar ina jambo lake. Kilimo si suala la Muungano, na Zanzibar ina Ofisi yake ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Lakini kwenye majedwali ya FAO iko Tanzania moja tu, na mkulima wa Cheju humezwa na wastani wa nchi nzima. Ni hasara kubwa, hasa ikikumbukwa kwamba mwaka 2006, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliazimia kufikisha kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015: kwa majedwali hayo pekee, huwezi kujua Zanzibar yenyewe iko wapi kwenye lengo hilo.