Maumivu Makali Yana Dawa: Kwa Nini Tuwafundishe Matabibu Wetu



Katika kijiji kimoja wilayani Bahi nilimtembelea mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, nikiwa pamoja na mwinjilisti wa mtaa. Alikuwa amejikunja kitandani, siku nyingi hapati usingizi. Dawa aliyokuwa nayo ni panadol. Alituomba tumwombee afe. Tulisali, lakini nilitoka nikijua kwamba dawa ya maumivu kama yale imejulikana kwa zaidi ya miaka 200, na bei yake si kubwa. Dawa hiyo ni mofini.

Mofini ni nini?

Mofini hutokana na afyuni, na ni mojawapo ya dawa tiba zenye asili ya kulevya. Kwa mgonjwa wa nyumbani, unga wake huchanganywa na maji ili anywe. Nguvu yake hudumu kama saa 4, hivyo mgonjwa hunywa kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yarudi.

Kwa nini matabibu wanaiogopa?

Wanaogopa kwamba mgonjwa atakuwa teja. Hofu hiyo ina msingi. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1990, vidonge vikali vya jamii hii vilitolewa ovyo hata kwa maumivu ya kawaida. Watu wengi walizoea, wengine wakahamia dawa za mitaani, na mwaka 2022 peke yake zaidi ya watu 80,000 walikufa kutokana na dawa za jamii hiyo.

Kwetu sisi tatizo ni la upande wa pili. Mwaka 2017 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilieleza kuwa, katika tani 298.5 hivi za dawa hizi zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu, yaani kilo 100. Kwa hiyo mafunzo yana kazi mbili: kumwezesha tabibu kumpa dawa anayeihitaji, na kumnyima asiyeihitaji.

Mafunzo yanahusu nini?

Kwanza, kupima maumivu. Mgonjwa huonyesha kwa vidole: kimoja ni maumivu kidogo, vitano ni maumivu yasiyovumilika.

Pili, kupanda ngazi. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi ya hatua 3 kwa wagonjwa wa saratani: dawa za kawaida kama panadol, kisha kodeini, na mwisho mofini kwa maumivu makali.

Tatu, kutofautisha. Mama aliyebeba kuni na ndoo kwa miaka 30 ana maumivu sugu ya mgongo, lakini tiba yake si mofini, wala tramadoli ya kila siku. Huyu husaidiwa na mazoezi, kupunguziwa mzigo na dawa za kawaida.

Nne, usalama. Tabibu huanza na dozi ndogo na kuiongeza taratibu. Hutoa pia dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufungisha choo, na huangalia usingizi na upumuaji wa mgonjwa. Kila chupa huandikwa daftarini na kufungiwa kabatini.

Wengine wamewezaje?

Hospitali yetu ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza huduma ya tiba shufaa mwaka 1999, na baadaye KKKT ikaieneza katika hospitali zake nyingine. Nchini Uganda, shirika la Hospice Africa lilianza kazi mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa maalumu kuandika mofini. Walifundisha watu kwanza, ndipo dawa ikafika vijijini.

Usharika ufanye nini?

Mgonjwa wa Chali au Mwitikira yuko mbali na Dodoma mjini, na wakati wa mvua njia ni ngumu. Kamati inaweza kuchangia nauli ya ndugu anayefuata dawa. Wahudumu wa nyumbani wanaweza kuhakikisha kwamba chupa inatunzwa na mtu mmoja mzima, mbali na watoto, na kwamba baada ya mazishi dawa iliyobaki inarudishwa hospitalini. Chupa iliyosahauliwa ndani ya nyumba ni hatari.

Kwa wafadhili, tunaomba jambo moja: msilipie semina peke yake. Lipieni pia msimamizi atakayewatembelea matabibu baada ya semina, kwa maana tabibu aliyeachwa peke yake hurudiwa na hofu yake ya zamani.

Mama yule alifariki bila kuonja dawa hiyo. Tusaidiane ili atakayemfuata asiombe kifo kwa sababu ya maumivu yenye dawa.