Desturi za Vijana wa Ace Cafe

Kijana wa Kiingereza aliyekuwa na pikipiki katika miaka ya 1950 hakuhesabiwa kuwa mtu mbele ya wenzake mpaka afikishe maili 100 kwa saa, takriban kilomita 160. Hilo ndilo lililokuwa jando lao. Waliofikisha waliitwa Ton-Up Boys, na kuanzia miaka ya 1960 jina la Rockers likashika zaidi. Wengi wao walikuwa watoto wa wafanyakazi: mafundi wanagenzi, wapeleka mizigo, vibarua wa viwandani. Gari hawakulimudu, lakini pikipiki waliipata kwa kulipa kidogo kidogo kila wiki.

Maskani yao iliyopata sifa kuliko zote ni Ace Cafe, mkahawa ulio kando ya barabara ya North Circular jijini London. Ulifunguliwa 1938 kwa ajili ya madereva wa malori, ukaharibiwa na mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukajengwa upya 1949. Ulikuwa wazi usiku na mchana, chai haikuwa ghali, na ndani palikuwa na mashine ya santuri ya kutumbukiza sarafu. Mashine hiyo haikuwa jambo dogo, maana redio ya taifa ilikuwa bahili wa rock and roll. Hapo ndipo ilipozaliwa simulizi ya mbio za santuri: kijana anachagua wimbo, anatoka mbio, anaruka juu ya pikipiki, anakwenda hadi mahali palipokubaliwa na kurudi kabla wimbo haujaisha. Nyimbo za siku hizo zilikuwa za dakika mbili, tatu hivi.

Vijana walikufa katika barabara hizo, na halifai kupambwa hilo. Helmeti haikuwa lazima kisheria hadi 1973. Kikomo cha maili 70 kwa saa kwenye barabara ambazo awali hazikuwa na kikomo kilikuja 1965.

Hata hivyo, anayewakumbuka kwa kasi peke yake amewanyima haki yao kubwa, nayo ni ufundi. Itazame pikipiki waliyoienzi kupita zote, Triton. Hakuna kiwanda kilichoiunda. Fremu ilitoka kwa Norton, ile iitwayo Featherbed, iliyobuniwa na ndugu wawili wa McCandless wa Belfast na kutumika kwenye mashindano kuanzia 1950. Katika kona ilikuwa imara kuliko fremu nyingi za wakati wake. Injini ilitoka kwa Triumph, ya silinda mbili, yenye nguvu na rahisi kuongezwa nguvu zaidi. Na kulikuwa na sababu ya fremu za Norton kupatikana bila injini: waundaji wa magari madogo ya mashindano ya sentimita za ujazo 500 walizitaka injini za Norton, kiwanda hakikupenda kuziuza peke yake, basi wakanunua pikipiki nzima na kuichomoa injini. Fremu ikabaki yatima, na vijana wakaichukua.

Kuviunganisha viwili hivyo kulidai mikono inayojua kazi. Ilibidi kukata bamba za chuma za kushikilia injini, kupanga mnyororo unyooke, kusogeza vikanyagio nyuma na kufunga usukani mfupi chini kabisa ili mwendeshaji alale juu ya tangi na kuukwepa upepo. Kazi ilifanyika kwenye banda la nyuma ya nyumba, wakati mwingine jikoni, mama akiwa ametoka. Aliyekwama alikwenda Ace kuuliza, na aliyejua alitoa ujuzi wake bure. Hapo ndipo heshima ilipopatikana: ukifika na pikipiki mpya kutoka dukani, utatazamwa, ukifika na uliyoiunda mwenyewe, wataizunguka, watachuchumaa na kuanza kuuliza.

Hata kuiwasha kulikuwa na adabu yake. Unabonyeza kijipini cha kabureta ya Amal mpaka petroli ilowanishe kidole. Unaisukuma kiki polepole hadi pistoni ipite kileleni, ndipo unaishukia kwa uzito wa mwili wote. Kwenye BSA Gold Star ya silinda moja, mwenye haraka angerudishiwa kiki kwa nguvu ya kuumiza mguu. Wapenda mashindano walitia oili ya Castrol R, iliyotokana na mafuta ya mbarika, na harufu yake hadi leo huwasisimua wazee wa fani hii.

Mavazi yalikuwa koti la ngozi lililojaa beji, skafu nyeupe na soksi nene za mabaharia zilizokunjwa juu ya buti. Ngozi ilikinga upepo na lami. Mapambo yalifuata baadaye.

Jambo linalonigusa zaidi katika historia yao ni la kasisi. Mwaka 1962, kasisi wa Kianglikana Bill Shergold, ambaye naye alikuwa mwendesha pikipiki, alikwenda Ace Cafe kuwaalika vijana kwenye ibada katika kanisa lake la Hackney Wick, mashariki mwa London. Alikwenda kwa hofu, akidhani angefukuzwa kwa dhihaka. Walimsikiliza, wakaja, na pikipiki zikaingizwa ndani ya kanisa, zikabarikiwa. Klabu ya vijana ya hapo, 59 Club, iliyoanzishwa 1959, ikapata tawi la pikipiki lililovuta maelfu ya wanachama. Wengine waliwahubiria vijana hawa kutoka mbali. Shergold alikaa nao, akawapa mahali pa kunywa chai na kutengeneza pikipiki zao.

Picha waliyopewa na umma ilikuwa nyingine kabisa. Filamu ya The Wild One ya 1953, ambamo Marlon Brando anaendesha Triumph, ilizuiwa Uingereza hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa hofu ya kuwaharibu vijana. Mwaka 1964, Rockers walipopigana na Mods, vijana wa suti na skuta, huko Clacton, Margate na Brighton, magazeti yaliandika kana kwamba nchi imevamiwa. Mwanasosholojia Stanley Cohen alichunguza habari hizo, na katika kitabu chake cha 1972 akaonyesha jinsi zilivyokuzwa kupita kiasi. Lakini picha ilikwisha kukaa, na koti jeusi likawa alama ya uasi katika filamu, muziki na matangazo ya biashara.

Ace ilifungwa 1969, mwaka uleule Honda ilipoleta CB750 ya silinda nne, iliyowaka kwa kubonyeza kitufe na isiyodondosha oili. Jengo likageuzwa duka la matairi. Mwaka 1994 aliyekuwa polisi, Mark Wilsmore, aliitisha mkusanyiko wa kumbukumbu, wakafurika watu kwa maelfu, na 2001 mkahawa ukafunguliwa tena palepale.

Baadaye kampuni ya Triumph iliuza pikipiki yenye sura ya zile za vijana hao, Thruxton, ikiwa tayari imekamilika kutoka kiwandani. Ni nzuri, inawaka mara moja. Hata hivyo, kwangu mimi Triton inayovuja oili na kufika Ace kwa matairi yake ina hadhi kuliko ile iliyong'arishwa na kuletwa juu ya trela, na wenye Triton wengi niliowasoma wanakubaliana na hilo.