Naibu chansela anapoondoka: Chuo kipimwe kwa majarida au kwa ghala la mkulima?

KATIKA vyuo vikuu vya umma nchini Kenya, siku ya kuagana na naibu chansela hufanana karibu kila mahali. Hotuba husomwa, mti hupandwa, picha hupigwa mbele ya jengo jipya, na orodha ya mafanikio hutolewa: wanafunzi waliosajiliwa, kozi zilizoanzishwa, mikataba iliyotiwa saini. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni moja. Je, mwananchi anayeishi nje ya ua wa chuo hicho alinufaika vipi, na manufaa hayo yatadumu baada ya kiongozi kwenda zake?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika eneo la Ukambani, kuanzia Tulia na Mwingi katika kaunti ya Kitui hadi Wote na Kibwezi katika kaunti ya Makueni. Hili ni eneo ambalo mvua ikikosekana misimu miwili mfululizo, maghala hubaki matupu. Mzazi anayeuza mbuzi ili kulipa karo huwa na matarajio mawili kwa wakati mmoja. Anataka mwanawe apate shahada inayoheshimika Nairobi na ng'ambo. Anataka pia elimu hiyo irudi nyumbani na kumwambia mbegu gani ipandwe na maji yahifadhiwe vipi.

Kumtosheleza mzazi huyo katika matarajio yote mawili ndiyo kazi ngumu kuliko zote za naibu chansela.

Chuo kilichotokana na harambee

Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, maarufu kama SEKU, kina makao yake makuu Kwa Vonza, kando ya barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. Kabla ya kuwa chuo kikuu, mahali hapo palijulikana kwa Taasisi ya Kilimo ya Ukambani, UKAI, iliyoasisiwa kwa moyo wa harambee. Mwaka 2008 ilifanywa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Machi 2013, katika siku za mwisho za utawala wake, Rais Mwai Kibaki alikipatia hati ya kujitegemea.

Historia hiyo si jambo dogo. Wenyeji wa eneo hilo hawakitazami chuo hicho kama ofisi ya serikali iliyoletwa kwao na lori. Wanakiona kuwa tunda la jasho lao, na mwenye shamba ana haki ya kuuliza habari za mavuno.

Katika miaka ya kwanza baada ya hati hiyo, SEKU iliongozwa na Profesa Geoffrey Muluvi, mtaalamu wa jenetiki ya mimea. Mwaka 1999, kabla hajashika wadhifa huo, Muluvi na wenzake walichapisha katika jarida la kimataifa utafiti kuhusu tofauti za kijenetiki za mlonge kutoka India, Kenya na Malawi. Mlonge ni mti unaostahimili ukame, na majani yake huliwa kama mboga. Utafiti huo ulionyesha kwamba milonge ya sehemu mbalimbali si mamoja, na kwa hiyo chimbuko la mbegu lina maana kwa anayepanda.

Utafiti huo ni kielelezo kizuri cha mjadala wenyewe. Ulipita katika tundu la sindano la wahakiki wa kimataifa, lakini suala uliloshughulikia ni lile ambalo mkulima wa Tulia angeliuliza: mbegu hii imetoka wapi?

Sheria yasemaje?

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 inampa naibu chansela muhula wa miaka mitano, unaoweza kuongezwa mara moja tu. Kwa maneno mengine, hata kiongozi aliye hodari kupindukia ana miaka kumi pekee. Miaka hiyo ni mifupi kwa mambo ya kilimo. Kuzalisha aina mpya ya mbegu, kuijaribu mashambani, kuidhinishwa na kuifikisha sokoni huweza kumeza muhula mmoja na ushei.

Sheria hiyo hiyo inavitaka vyuo kukuza maarifa kwa utafiti wa kiwango cha juu, na vilevile kuchangia maendeleo ya jamii na uchumi wa taifa. Majukumu yote mawili yamo katika sheria. Matatizo huanza pale yanapopimwa.

Mhadhiri anayetaka kupandishwa cheo huhesabiwa zaidi makala aliyochapisha katika majarida yenye wahakiki, pamoja na wanafunzi wa uzamili na uzamifu aliowasimamia. Chuo kizima nacho hupangwa katika orodha za dunia. Orodha ya Webometrics, inayotayarishwa nchini Uhispania tangu mwaka 2004, hutazama jinsi chuo kinavyoonekana mtandaoni na jinsi kazi za wasomi wake zinavyonukuliwa. Orodha nyingine kubwa huipa uzito idadi ya marejeleo ya utafiti.

Mhadhiri aliyetumia miezi sita akiwafundisha akina mama wa kijiji kimoja kukausha mahindi hana mahali pa kuandika kazi hiyo katika orodha kama hizo. Mwenzake aliyebaki ofisini akaandika makala mbili ndiye atakayeitwa profesa kwanza. Hakuna naibu chansela anayeweza kuwahimiza wahadhiri waende vijijini kwa maneno matupu iwapo kila aendaye huko anapitwa na wenzake.

Funzo la mwaka 2004

Wapo wanaodhani kwamba kuhudumia jamii ni hisani tu, kazi ya kufanywa wakati wa ziada. Yaliyotokea Ukambani mwaka 2004 yanawakosoa.

Kati ya Januari na Julai mwaka huo, watu 317 waliugua na 125 wakafariki dunia kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini. Wilaya za Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Sumu hiyo hutolewa na kuvu inayoota kwenye nafaka isiyokauka vyema, na hushambulia ini. Watafiti walibaini kuwa familia nyingi zilikuwa zimehifadhi mahindi yakiwa na unyevu, wengine wakiyaweka ndani ya nyumba walimolala kwa kuhofia wezi.

Uchunguzi wa mkasa huo uliofanywa na wataalamu wa Wizara ya Afya ya Kenya na wenzao wa Marekani ulichapishwa katika majarida ya kimataifa mwaka uliofuata, na hadi leo hunukuliwa na wanasayansi kote ulimwenguni. Wakati huo Ukambani haikuwa na chuo kikuu cha umma chake yenyewe. Nafaka iliyoua ilikuwa ya Kitui na Makueni, lakini maabara na kalamu vilikuwa mbali.

Baadaye sayansi ilileta kinga. Watafiti wa taasisi za kilimo za kimataifa na za Kenya walitengeneza bidhaa iitwayo Aflasafe KE01, iliyosajiliwa nchini mwaka 2015. Hunyunyiziwa shambani kabla ya mavuno. Ndani yake mna kuvu ya jamii ile ile lakini isiyotoa sumu, ambayo huikalia nafasi ile yenye sumu na kuisukuma nje. Hata hivyo, bidhaa kama hiyo haimfai mkulima asiyejua ipo, au asiyejua inyunyizwe lini. Baina ya maabara na shamba lazima awepo mtu wa kueleza, na ni nani afaaye zaidi kuliko chuo kilicho jirani?

Maji ya Kitui, makala za Amsterdam

Mfano wa pili unahusu mabwawa ya mchanga. Tangu miaka ya 1990, wanavijiji wa Kitui wakishirikiana na shirika la SASOL wamejenga mamia ya mabwawa hayo katika mito ya msimu. Ukuta hujengwa kukatiza mto. Mafuriko hubeba mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na maji hujificha baina ya chembechembe za mchanga ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Wakati wa kiangazi wenyeji huchimba na kuteka.

Mwaka 2007 na 2008, watafiti kutoka Amsterdam na Delft nchini Uholanzi walichapisha makala kadhaa kuhusu mabwawa hayo. Walipima jinsi yanavyopandisha maji ya ardhini na jinsi yanavyosaidia jamii kukabili ukame na mabadiliko ya hali ya hewa. Makala hizo zimewapatia heshima wanaostahili.

Lakini hapo ndipo penye kiini cha suala. Waliobeba mawe walikuwa wakazi wa Kitui, mto ni wa Kitui, na maswali yalizuka Kitui. Kile ambacho vyuo vyetu huita huduma kwa jamii, wenzetu wa Uholanzi walikifanya kuwa utafiti wa kiwango cha dunia. Kazi ya kijijini na sifa ya kitaaluma hazikupingana. Zilikuwa kazi moja iliyofanywa kwa makini, ikapimwa na kuandikwa.

Historia ya Ukambani ina mifano mingine. Mahindi ya Katumani, yaliyozalishwa katika kituo cha utafiti karibu na Machakos na kusambazwa tangu miaka ya 1960, hukomaa mapema na hivyo kuukwepa ukame. Mwaka 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi wakulima wa Machakos, kwa matuta na bidii, walivyookoa ardhi iliyodhaniwa kuwa imekufa. Kitabu hicho kinasomwa katika vyuo vikuu vya mabara mbalimbali. Walimu wake wa kwanza walikuwa wakulima wenyewe.

Kufikia jamii si kufungua matawi

Kuna makosa mawili ambayo viongozi wa vyuo wameyafanya kwa jina la jamii.

La kwanza ni kudhani kwamba kuwafikia wananchi ni kufungua matawi. Vyuo vingi vya umma vilikodi majengo mijini na kusajili wanafunzi wa kujilipia. SEKU pia ilifungua matawi katika miji kama Kitui, Mwingi na Wote. Wapo walionufaika, hasa walimu waliotaka kusoma bila kuacha kazi. Lakini upepo uligeuka. Baada ya udanganyifu kudhibitiwa katika mtihani wa KCSE, watahiniwa 88,929 pekee ndio waliopata alama ya C+ na zaidi mwaka 2016, na mwaka 2017 wakawa 70,073. Wanafunzi wa kujilipia walipungua, na matawi mengi nchini yakawa mzigo.

Kosa la pili ni kuchanganya huduma kwa jamii na umiliki wa kikabila. Septemba 2016, muhula wa Profesa Richard Mibey ulipokwisha katika Chuo Kikuu cha Moi, Profesa Laban Ayiro aliteuliwa kaimu naibu chansela. Wanasiasa wa eneo hilo, akiwemo Gavana wa Uasin Gishu wakati huo, Jackson Mandago, waliandamana wakitaka cheo hicho kipewe mwenyeji. Chuo kikuu kikiwa mali ya ukoo, wasomi wa kwingineko hukikimbia, na shahada yake hupoteza thamani hata kwa wana wa ukoo huo.

Kinachobaki

Kuondoka kwa kiongozi ndio mtihani wa kweli wa kazi yake. Profesa Olive Mugenda alipomaliza miaka kumi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2016, mradi mkubwa wa hospitali ya rufaa yenye vitanda 650 ulikuwa haujaanza kuhudumia wagonjwa. Mwaka 2019 hospitali hiyo ilifanywa shirika la serikali linalojitegemea, nje ya mamlaka ya chuo. Wagonjwa wanatibiwa, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini tukio hilo linaonyesha kwamba hata mradi mkubwa zaidi waweza kubadilisha mkondo mwanzilishi akishaondoka.

Kwa hiyo, mabaraza ya vyuo yanapotafuta kiongozi mpya hayana budi kuuliza mambo matatu. Kwanza, je, kazi ya mhadhiri shambani inahesabiwa anapoomba kupandishwa cheo, mradi imepimwa na kuandikwa kama utafiti mwingine wowote? Pili, je, kuna bajeti ya kila mwaka ya kazi hiyo, au inategemea wafadhili aliowajua kiongozi aliyeondoka? Tatu, je, matokeo ya utafiti yanarudi kwa waliojibu maswali, kwa lugha wanayoielewa, iwe Kikamba au Kiswahili?

Mizani ya dunia nayo imeanza kubadilika. Tangu mwaka 2019, jarida la Times Higher Education la Uingereza hutoa pia orodha inayopima mchango wa vyuo katika malengo ya maendeleo endelevu, yakiwemo kutokomeza njaa na kupatikana kwa maji safi. Ukambani si mwanafunzi mgeni katika masomo hayo mawili.

Ni kweli kwamba chuo kisichochapisha utafiti hugeuka kuwa shule ya upili yenye majoho, na kijiji hakinufaiki na elimu hafifu. Ni kweli pia kwamba chuo kinachotajwa katika orodha za ng'ambo huku jirani zake wakila mahindi yenye sumu hakiwezi kujivunia elimu yake. Wananchi waliochanga shilingi zao wakati wa harambee hawakuombwa wachague kati ya sifa na manufaa. Naibu chansela ajaye, hapo Kwa Vonza na kwingineko, asiwalazimishe kuchagua.