Jabal Akhdar: mlima unaoishi kwa zamu ya maji

Kila ukikaribia mwezi wa Aprili, jamaa wa Maskati, Dubai na Doha hunipigia simu kwa suali moja: "Mawaridi yameshachanua huko juu?" Jibu lake ni jepesi. Mawaridi ya Jabal Akhdar huanza mwishoni mwa Machi na kumalizika katikati ya Mei, na anayetaka kuyaona yakichumwa afike alfajiri, kabla jua halijayakausha. Suali ambalo naona tungeliuliza zaidi ni jengine: vijiji vile vimewezaje kukaa pale mamia ya miaka, na vitabakije?

Mahali penyewe

Jabal Akhdar ni sehemu ya milima ya Hajar, katika mkoa wa Dakhiliya. Njia ya gari hupandia Birkat al-Mawz, karibu na Nizwa, na hapo kipo kituo cha polisi kisichoruhusu kupita gari isiyokuwa ya magurudumu manne yanayovuta. Ukishapanda unafika uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Wakati Maskati joto limepindukia digrii 40, huku juu watu wamejifunika shuka usiku. Mwezi wa Januari baridi huweza kushuka chini ya sifuri.

Kwa baridi hiyo mtende haustawi, na tende hupandishwa kutoka bondeni. Badala yake mlima unatoa makomamanga, mapichi, mishimishi, jozi, lozi, zabibu na thomu. Komamanga la huku, linalovunwa tangu Agosti mpaka Oktoba, lina bei yake sokoni Nizwa, na mnunuzi huuliza kwanza kama kweli ni la mlimani.

Vijiji vya Al-Aqr, Al-Ain na Sharaija vimekaa ukingoni kabisa mwa bonde, nyumba zikifuata jabali. Chini yake mashamba yanashuka ngazi kwa ngazi, kila ngazi imezuiwa kwa ukuta wa mawe na kujazwa udongo kwa mikono. Kabla ya barabara, kila kitu kilipanda kwa miguu au mgongoni mwa punda: mchele, sukari, mgonjwa akishuka, bibi harusi akipanda. Lami ilifika katika miaka ya 2000 tu.

Maji kwa zamu

Mvua ya Saiq kwa wastani ni kama milimita 300 kwa mwaka. Kwa Maskati hiyo ni nyingi, lakini Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500. Kwa hiyo hapa hakulimwi kwa kutegemea mvua. Kunalimwa kwa falaji.

Wengi wetu tukisikia falaji tunafikiria mfereji tu. Mfereji ndio sehemu iliyo rahisi. Falaji hasa ni mapatano ya watu. Maji yanatoka kwenye chemchemi, yanakusanywa ndani ya birika, kisha yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Kipimo chake si ndoo wala lita, ni muda. Fungu moja huitwa *athar*, nalo ni kiasi cha nusu saa. Mchana wazee walipima kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota zinapochomoza nyuma ya mlima. Siku hizi saa ya mkononi inatosha.

Falaji ina wakili wake anayesimamia hisabu, na yupo anayegawa maji. Mtu hurithi fungu lake kama anavyorithi shamba, anaweza kuliuza au kulikodisha. Mafungu mengine ni wakfu wa msikiti au wa kusomesha watoto, hunadiwa na fedha zake zikaenda huko. Mwenye nguvu hawezi kufungua maji nje ya zamu yake, na mjane mwenye nusu saa yake anayapata maji yake nusu saa kamili. Ndiyo maana UNESCO, ilipoingiza mafalaji matano ya Oman katika urithi wa dunia mwaka 2006, likiwemo Al-Khatmein la hapo Birkat al-Mawz, ilitaja ugawaji huu wa haki pamoja na ujenzi wenyewe.

Mawaridi na mrashi wa bibi

Hapa pana jambo linalotugusa sisi wenye asili ya Mwambao. Ule mrashi uliokuwa kabatini kwa bibi, unaotolewa harusini na kwenye maulidi, ulitiwa marashi ya mawaridi, na ufundi wa kuyatoa ndio huu wa Jabal Akhdar.

Majani ya mawaridi hutiwa chunguni, chungu kikakaa juu ya tanuri la udongo liitwalo *duhjan*. Ndani huwekwa bakuli, juu hufunikwa kwa chombo cha shaba chenye maji baridi. Mvuke ukipanda unakutana na baridi, unakuwa matone, unadondoka bakulini. Marashi ya namna hii hutoka na rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi kidogo, na huwekwa kwenye mitungi mpaka yatulie. Yale meupe kama maji hutoka kwenye mitambo ya gesi na chuma. Yote mawili ni marashi ya kweli, lakini mpishi wa halwa wa zamani atakuomba lile la moshi.

Kwa nini watu hushuka

Kuhama mlimani hakukuanza leo. Ukame ulipofululiza, falaji ikapungua na mafungu yakakauka, vijana wa Dakhiliya walishuka pwani wakapanda majahazi ya kaskazi mpaka Unguja na Pemba. Wengi wetu ni wajukuu wa safari hizo. Vita vya Jabal Akhdar vya 1957 hadi 1959 navyo viliacha nyumba na mifereji imevunjwa kwa mabomu.

Leo sababu ni skuli, kazi na mshahara. Kijana anasoma Nizwa, anaajiriwa Maskati, anarudi Alkhamisi usiku. Shamba linabaki na mzee na kibarua kutoka Bara Hindi. Ukuta wa ngazi moja ukibomoka bila ya mtu kuuinua, udongo unashuka na mvua ya kwanza, na ngazi ya chini inafuata. Kule Wadi Bani Habib, nyumba za udongo zimebaki tupu na miti ya jozi imesimama bondeni peke yake.

Hali ya hewa nayo inabadilika. Mpichi na mshimishi hulala wakati wa baridi, na bila ya saa za kutosha za ubaridi hauchanui vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Kassel cha Ujerumani, ulionyesha kuwa saa hizo zinapungua Jabal Akhdar.

Sisemi kwamba mlima unakufa. Mwaka 2022 Jabal Akhdar ilipandishwa hadhi kuwa wilaya. Hoteli kubwa zimefunguliwa tangu 2014 na zinaleta wageni na kazi. Lakini mgeni anayaangalia mashamba ya ngazi kutoka juu, na anayeyafanya yawe kijani ni yule anayeamka usiku kwa ajili ya zamu yake ya nusu saa. Akichoka huyo, hakuna atakachokuja kukiangalia mgeni.

Tukipanda, tufanye nini

Tununue marashi, makomamanga na thomu mlangoni kwa wenyewe. Tusichume waridi hata moja, kwani kila ua limeshahisabiwa. Watoto wasichezee maji ya falaji wala kuziba mfereji kwa mawe: wanacheza na zamu ya mtu. Takataka turudi nazo.

Na kama babu yako ametoka kijiji cha Dakhiliya, uliza kama alikuwa na fungu la maji. Yapo mafungu ambayo warithi wake wako Dubai au London na hawajui. Fungu lisilo na mwenyewe halitengenezi mfereji wala halilipii kazi ya falaji. Ukilipata, kama huwezi kulima, likodishe kwa anayelima, au liweke wakfu. Maji yake yatapita mashambani kwa saa yake, na jina la babu litabaki kwenye daftari la wakili.